Bili ya maji Dar es Salaam: tathmini ya huduma, kuanzia ujumbe wa simu hadi fundi wa kukata

Upande wa kulipa bili ya maji siku hizi umenyooka. Upande wa kutolipa ndio wenye mitego, na mtego mkubwa haumo kwenye bili. Nyumba ikikatiwa maji, hela nyingi huishia kwenye ndoo, madumu na boza kabla hata mamlaka ya maji haijadai gharama ya kurudisha huduma. Tathmini hii inahusu Dar es Salaam, chini ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ambayo imekuwa na sura yake ya sasa tangu 2018 ilipounganishwa na DAWASCO, shirika lililokuwa likisambaza maji. Wa Mwanza, Arusha, Mbeya na Tanga nao watakuta mengi yanayowahusu, kwa sababu mamlaka zao ziko chini ya mdhibiti huyo huyo wa huduma za nishati na maji, EWURA, na Sheria ile ile ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019.

Tuanze na kilicho kizuri. Bili inakuja kwenye simu ikiwa na namba ya malipo ya serikali, tarakimu 12, zinazoanza na 99. Unalipa kwa simu, kwa wakala au benki, na stakabadhi inarudi kwa ujumbe. Hakuna foleni, na hakuna sababu yoyote ya kumkabidhi mtu fedha taslimu getini. Anayekuja na sare na kitambulisho akataka "umpe yeye akulipie" mwambie utalipa mwenyewe kwa namba. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye skrini: tarakimu moja ikikosewa unaweza kulipa deni la mtu mwingine, na kuirudisha hela hiyo ni safari ndefu ya barua. Angalia pia mambo mawili ambayo wengi huyaruka. Namba ya malipo ina muda wake wa kuisha, kwa hiyo namba ya miezi iliyopita inaweza kukataliwa. Na kuna namba zinazokubali malipo ya sehemu na nyingine zinazodai kiasi kamili. Ukitaka kulipa nusu ikakataa, tatizo si mtandao. Omba namba nyingine inayoruhusu sehemu.

Bili yenyewe inasomeka, ila watu wengi hutazama jumla tu. Kinachotakiwa kutazamwa kwanza ni usomaji wa nyuma na usomaji wa sasa. Kwenye mita nyingi za nyumbani za nusu inchi, tarakimu nyeusi ni uniti kamili na nyekundu ni vipande vya uniti. Uniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, au ndoo 50 za lita 20. Mita ikiwa imetoka 00412 hadi 00427, umetumia uniti 15, sawa na ndoo 750. Kwa familia ya watu watano hiyo ni lita 100 kwa mtu kwa siku, matumizi ya kawaida kabisa kwa nyumba yenye bafu na choo cha kuvuta. Bili ya nyumba hiyo hiyo ikija na uniti 45, kuna kitu. Ama maji yanavuja, ama mita imesomwa vibaya, ama ni malimbikizo ya miezi ambayo msoma mita alikuta geti limefungwa akaandika makadirio.

Hapa ndipo madeni mengi yasiyolipika yanapozaliwa. Kwa makadirio ya uniti nane kwa mwezi, mwenye nyumba anajiona analipa vizuri. Mwezi wa tano wa mtindo huo mita inasomwa kweli, na zile uniti ambazo hazikuhesabiwa zinatua zote kwenye bili moja. Dawa yake ni picha. Kila mwezi, siku ile ile, piga picha ya mita ionyeshe tarakimu na namba ya mita yenyewe, uihifadhi. Mita iliyofukiwa na mchanga au kuzibwa na tofali ifukue; boksi lake liwe linafunguka. Mbwa afungwe siku ya usomaji. Ni mambo madogo, lakini ndiyo yanayoamua nani ana hoja mbele ya meza ya huduma kwa wateja.

Kuhusu kuvuja, mpaka wa wajibu uko kwenye mita. Kinachovuja kabla ya mita ni kazi ya mamlaka; kinachovuja baada ya mita ni chako, na kinahesabiwa. Jaribio ni rahisi: usiku funga koki zote, nyanyua boya la simtanki hadi lizibe, kisha mulika mita kwa tochi. Kile kigurudumu kidogo chenye umbo la nyota au pembetatu kikiendelea kuzunguka, maji yanaenda mahali. Mara nyingi ni boya lisiloziba, tanki linamwagikia nyuma ya nyumba ambako hakuna anayepita, au raba ya choo iliyokwisha ambayo inaruhusu maji kuteremka kimya kimya mchana kutwa. Koki inayojaza kikombe cha robo lita kwa dakika 10 hupoteza lita 36 kwa siku, zaidi kidogo ya uniti moja kwa mwezi. Choo kinachovuja hupoteza mara kadhaa ya hapo. Mgao nao una lake: maji yakirudi, hewa iliyojaa kwenye laini husukumwa mbele, na ikipita kwa kasi inaweza kuzungusha mita. Nyumba yenye boya lililo wazi ndiyo inayopitisha hewa hiyo. Wakati wa mgao funga koki yako ya baada ya mita, uifungue polepole majirani wakishapata maji yenye nguvu.

Usipolipa, mambo huenda kwa hatua, na kila hatua ina namna yake ya kurudi nyuma. Kwanza ni ujumbe wa kukumbusha, kisha notisi ya kusitishiwa huduma. Usiipuuze notisi kwa kuwa maji bado yanatoka. Ina maana jina lako liko kwenye orodha ya mafundi. Anayekuja kukata hufunga koki iliyo kabla ya mita na kuweka lakiri. Hapo bado una nafuu: ukilipa, anayerudi anahitaji spana tu na dakika chache. Deni likilala, mita inang'olewa na mdomo wa bomba unazibwa kwa plagi. Kurudisha sasa kunahitaji mita kufungwa upya, washa (raba za viungio) mpya na kumbukumbu za akaunti kuhuishwa. Ikifika hatua ya kukata kwenye laini kuu, ni kuchimba, kufunga upya kiungio kwenye bomba kubwa, na pengine kupasua barabara ya mtaa. Deni lenyewe halifi wakati wote huo. Linabaki kwenye akaunti, na mamlaka inaweza kulidai mahakamani kama deni jingine lolote la madai. Akaunti ikiwa na deni, usitegemee kuunganishiwa bomba jipya kwenye nyumba hiyo kwa jina la mke au mtoto.

Sasa gharama ambayo haiandikwi popote. Chukua ile familia ya watu watano. Baada ya kukatiwa hawatatumia tena lita 100 kila mmoja. Watajibana hadi lita 30, maji ya kuoshea vyombo yamwagwe chooni, nguo zisubiri Jumamosi. Bado ni lita 150 kwa siku, ndoo saba na nusu. Muuza maji akiuza ndoo shilingi 300, ni 2,250 kwa siku, 67,500 kwa mwezi. Akiuza 500, ni 112,500 kwa mwezi. Na hizo ni uniti nne na nusu tu! Kwa ndoo ya 300, uniti moja inawagharimu 15,000. Chukua bili yako utazame bei ya uniti: haifiki hata robo ya hapo. Familia inayoshindwa kulipa bili inaishia kutumia chini ya theluthi moja ya maji kwa hela nyingi zaidi. Wenye simtanki kubwa huita boza la lita 10,000 na kupata bei nafuu kwa uniti. Mwenye tanki la lita 1,000 hana pa kulishushia, na asiye na tanki ananunua kwa ndoo, bei ya juu kuliko zote. Aliye na kidogo ndiye anayelipa zaidi, na hilo ndilo kosa kubwa la mfumo huu wote.

Afya nayo. Maji ya bomba ya jiji kwa sehemu kubwa yanatoka Ruvu Juu na Ruvu Chini, yamechujwa na kutiwa dawa. Ya muuza madumu hujui yametoka wapi. Visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvi, yanayokula koki na kuharibu hita, na visima vifupi vilivyo jirani na vyoo ni hatari ya wazi. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani kinatosha kuwa funzo. Nyumba iliyokatiwa ichemshe maji ya kunywa hadi yatokote vizuri, yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko na koki, yasichotwe kwa kikombe cha kila mtu. Tanki la choo cha kuvuta, linalomeza lita sita hadi tisa kwa mara moja, lifungiwe maji. Kumwaga lita tatu kwa nguvu kutoka kwenye ndoo kunatosha.

Nyumba za kupanga zinastahili nafasi yake, maana ndiko huduma hii inakoumiza wasio na kosa. Akaunti ni ya baba mwenye nyumba, mita ni moja, vyumba sita au vinane. Mamlaka haimjui mpangaji, inajua akaunti. Mmoja asipotoa mchango wake, au wote wakitoa na mkusanyaji akazitumia, fundi akija anafunga koki ya wote. Mpangaji aliyelipa hana stakabadhi yenye jina lake na hana pa kulalamika isipokuwa serikali ya mtaa. Kugawa kwa chumba kunamwonea anayeishi peke yake. Kugawa kwa kichwa kunaleta ugomvi wa wageni na wa mama anayefua nguo za watu. Njia iliyo bora ni mita ndogo za ndani, nusu inchi, moja kwa kila chumba au kila koki, zikifungwa baada ya mita kuu. Jumla ya mita ndogo haitalingana kabisa na mita kuu: ndogo hazihesabu vizuri mtiririko mwembamba, na kuna koki ya uani inayotumiwa na wote. Tofauti hiyo igawanywe sawa, na ikizidi sehemu ya kumi ya bili, tafuta mvujo kati ya mita kuu na mita ndogo.

Wasio na uwezo wa mita ndogo waandike makubaliano. Karatasi moja: nani anakusanya, tarehe gani, nani anaonyesha stakabadhi kwenye kundi la simu la nyumba, na asiyelipa anafanywaje. Mwenye nyumba aweke namba ya simu ya mkusanyaji kwenye akaunti ili ujumbe wa bili umfikie anayelipa. Hili linasahaulika mno. Notisi inakwenda kwenye simu ya mzee aliyeko kijijini, na wapangaji wanashtukia koki imekauka. Kwa anayehamia, kabla ya kutoa kodi ya miezi sita, aombe bili ya mwezi huu na aitazame mstari wa deni la nyuma. Anayenunua nyumba afanye hivyo hivyo na atake deni lilipwe lote kabla ya kusaini, kwa maana mkataba wa mauziano unaweza kumtaja muuzaji lakini anayebaki na koki kavu ni mnunuzi.

Kuna wanaomwita fundi wa mtaani usiku avunje lakiri. Chini ya sheria ya 2019 kuchezea mita au kujiunganishia maji ni kosa la jinai, lenye faini au kifungo. Mamlaka hukadiria maji yaliyoibwa na kuyaongeza kwenye deni. Lakini hata mtu asiyeogopa sheria afikirie bomba. Tundu lililotobolewa kienyeji na kufungwa kwa raba ya tairi haliwezi kuziba. Maji yakiwepo linavuja. Wakati wa mgao, bomba likikosa presha, linavuta ndani tope na maji machafu ya mfereji, na kesho yake mtaa mzima unakunywa.

Ukiamini bili si sahihi, ipinge kabla ya tarehe ya kukatwa. Nenda na picha za mita, bili tatu za nyuma na namba ya akaunti. Omba mita isomwe tena ukiwepo, na kama unaishuku, omba ipimwe. Lipa kiasi usichokibishania, yaani wastani wa miezi yako ya kawaida, ili isionekane unakwepa. Taka namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Mamlaka isipokupa jibu la kuridhisha, peleka EWURA. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, linalomsaidia mteja kuandaa lalamiko lake bila kumtoza. Asiyeridhika na uamuzi wa EWURA anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. Ngazi ziko wazi na zinafanya kazi kwa mwenye karatasi. Mwenye maneno matupu hachukui muda mrefu kukwama.

Na ukiwa unadaiwa kweli, nenda kabla fundi hajaja. Omba kulipa kwa awamu kwa maandishi: kiasi cha kuanzia, kiasi cha kila mwezi, na mwezi wa mwisho. Usiahidi kikubwa ili upendeze. Utatakiwa kulipa awamu pamoja na bili mpya, na hapo ndipo wengi wanapoanguka: wanalipa awamu, bili mpya inalala, makubaliano yanavunjika na wanakatwa. Deni la 180,000 kwa miezi sita ni 30,000. Nyumba yenye bili ya 25,000 lazima ipate 55,000 kila mwezi. Kama haipo, omba miezi kumi na miwili toka mwanzo.

Je, kukata ni lazima? Uingereza ilipiga marufuku kuwakatia maji wakazi wa majumbani kwa sababu ya deni tangu 1999, na madeni hudaiwa kwa njia nyingine. Detroit, Marekani, ilifanya kinyume chake mwaka 2014: maelfu ya nyumba zilikatwa, hadi wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaenda kuangalia. Mamlaka zetu zinategemea makusanyo kununua dawa, kulipa umeme wa pampu na kuziba mabomba, kwa hiyo sidai deni lisiwe na matokeo. Ninachodai ni hatua ya katikati: kabla ya kufunga koki yote, ifungwe diski yenye tundu dogo la kupunguza mtiririko. Lita moja kwa kila dakika tano ni lita 288 kwa siku, lita 57 na ushee kwa kila mtu katika familia ya watano. Shirika la Afya Duniani linataja lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku kuwa ndiyo mahitaji ya msingi. Mdaiwa ataona shida ya kujaza tanki, atalipa, na watoto hawatakunywa maji ya dimbwi.

Mita za malipo ya kabla, zinazofungwa kwenye baadhi ya miji, zinauzwa kama dawa ya yote haya. Zinafaa kwa nyumba ya kupanga yenye mita kwa kila mpangaji, na zinaondoa makadirio na malimbikizo. Ila zinahamishia tatizo mahali pengine. Uniti zikiisha saa nane za usiku vali inafunga bila notisi wala mtu wa kuzungumza naye. Choo kinachovuja kinakula salio lote ukiwa safarini. Ndani kuna betri na vali. Betri ikichoka au mchanga ukikwama kwenye vali, maji yanagoma hata kama umelipa, na fundi wa kawaida haruhusiwi kuifungua. Ukifungiwa, dai kichujio kabla ya mita, andika tarehe ya kufungwa, na weka akiba ya uniti mbili wakati wote.

Sehemu dhaifu kuliko zote kwenye huduma hii ni muda kati ya kulipa na maji kurudi. Malipo huonekana kwenye mfumo haraka. Fundi hana haraka hiyo. Ulipe asubuhi, siku za kazi, usilipe Ijumaa jioni, kisha upige simu ya huduma kwa wateja papo hapo ukiwa na namba ya stakabadhi, uombe oda ya kurudishiwa ifunguliwe na uandike namba yake. Fundi akija, soma mita mbele yake kabla hajaondoka na upige picha. Isilingane na tarakimu za siku ya kukatwa, mwambie aandike. Hakikisha haachi maji yakichuruzika kwenye yunioni (viungio) za mita. Baada ya hapo usiyaruhusu maji kuingia kwenye tanki moja kwa moja. Funga njia ya tanki, fungua koki ya uani iliyo karibu na mita, polepole, hewa itoke kwanza, kisha maji ya kutu na tope yamwagike kwenye ndoo za kudekia hadi yawe meupe. Fungua vichwa vya bafu na vichujio vya koki uvisafishe, ndipo ufungue tanki.